Naishi na watu wanaopenda papa mkavu na mimi harufu yake siiwezi, nifanyeje?

mke_wa_kibokoni

Asalam aleikum na habari zenu nyote. Naomba mnisaidie na msinicheke, ama chekeni lakini mkimaliza mnisaidie. Mimi nimezaliwa Mumias, nimeolewa huku Mombasa na tunaishi na mavyaa yangu Kibokoni kwenye nyumba yao ya zamani, ile ya ngazi za mbao na jiko moja la wote. Mavyaa ni mtu mzuri wallahi, sina neno naye, hanisumbui, hanisemi kwa majirani, shida yangu ni moja tu nayo ni papa mkavu.

Kama hujawahi kukaa na papa mkavu ndani ya nyumba hutanielewa. Sio harufu ya samaki, harufu ya samaki mimi naijua, nimekula omena tangu sina meno. Hii inaingia puani kama choo cha steji, inachoma mpaka macho yanatoa machozi, na ikishaingia kwenye nguo imeingia, juzi nilitoa deraa kabatini nimelifua na kulipiga pasi mwenyewe nikalirudisha kwenye beseni. Na wao wakiisikia hio hio wanasema leo kunanukia. Kunanukia! Mume wangu akiipata tu kule chini mlangoni anapanda ngazi mbili mbili.

Sasa huku wanawake tunakula sinia moja. Sima katikati, papa wa nazi juu, mchicha kando. Mkono wangu ukicheza na mchicha pekee kila mtu anaona, na wifi yangu mkubwa ana macho. Nimejaribu kumeza bila kutafuna, nimejaribu kukamulia ndimu mpaka wakauliza kama nina kichefuchefu. Mwisho nikapata akili, manake mavyaa papa wake hupenda kumpika Alhamisi, shemeji zangu huwa wanakuja siku hio. Nikaanza kufunga sunna Jumatatu na Alhamisi. Nikaona nimeponea. Kumbe! Mavyaa kafurahi huyo, kawaambia majirani wote kwamba mkaza mwana wake ni mcha Mungu, na sasa kila Alhamisi magharibi ikiadhiniwa nakuta ashanitengea bakuli langu peke yangu, vipande vinono vinono, "mwanangu umefunga kutwa, futuru."

Na sio papa peke yake, kuna na pweza, ule mkono wenye zile duara duara ukinigusa ulimi naskia kuruka. Lakini pweza hapikwi kila wiki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vyangu mimi hawavitaki kabisa. Nilipika mrenda siku moja, wifi akauinua na kijiko ukavutika, akasema hii ni kamasi, watoto wakashika hilo jina mpaka leo. Na kumbikumbi nilizoletewa kutoka nyumbani nazilia chumbani mlango umefungwa. Kwa hivyo mimi nivumilie chao lakini wao changu ni kamasi?

Swali langu: watu huzoea kweli ama wanadanganya? Na kama nitamwambia mavyaa, nimwambie vipi asione nimedharau chakula chake?

Kijana wa Tudor

Ati unafunga Jumatatu na Alhamisi kukimbia papa 😂😂😂 nimecheka mpaka konda ameniangalia. Dada wewe ushapata thawabu kwa bahati mbaya.

hamia_bara

Solusheni ni moja, hameni. Tafuteni nyumba Kisauni ama Mtopanga mkae na mume wako, upike unachotaka. Mambo ya kukaa na mama mkwe karne hii ni kujitakia. Hizo drama zote za sinia zingekwisha siku moja.

bi_mkubwa_wa_kuze

Wewe mwenye kusema hameni, ushaulizwa kodi? Mwenzio kaja na jambo la papa wewe wamletea jambo la talaka.

Mwanangu wa Kibokoni, waleikum salaam. Kwanza nikuulize jambo la kikubwa: huna mimba weye? Manake hilo la kusikia harufu ikakutoa machozi na nguo kuzifua mara ya pili, mimi mwanangu wa kwanza nilikuwa hata maji ya mtungi yaninukia. Kapime kwanza tusije tukamaliza maneno bure.

Kama si hilo, basi nisikize. Papa na ng'onda kwetu si chakula cha juzi. Sisi tukiwa wadogo kaskazi ikivuma majahazi yalikuwa yakija kutoka Arabuni, kina Shihiri na Mukalla na Omani, yakitia nanga bandari ya kale, yaleta tende, yaleta chumvi, yaleta papa mkavu kafungwa marobota, na mji mzima wajua leo jahazi limeingia, hakuhitajika mtu kutangaza. Kwa hivyo mavyaa wako akipika papa si kwamba kakosa pesa ya nyama. Hio ni harufu ya mamake na bibi yake. Ndio manake wewe ukiziba pua mbele yake yeye haoni umeziba pua kwa samaki.

Basi ulilofanya la kunyamaza lilikuwa na adabu, lakini hilo la kumeza bila kutafuna litakuua. Mwambie. Ila kuna namna. Usimtume mwanawe akasemee, hio ndio makosa ya wasichana wengi. Mama akiletewa maneno ya mke na mdomo wa mwanawe ataona mwanawe ashatiwa kamba, na papa hatakuwa papa tena. Nenda mwenyewe, mkiwa wawili, mkipeta mchele ama ukimsuka nywele, umwambie mama mimi kwetu ni bara, huyu samaki sikumkulia, nikimnusa mwili wakataa, sina uwezo nao, nipe mimi siku hio nikupikie kitu kingine cha kukaa kando ya sinia. Muombe kazi. Mkaza mwana aliyeomba kazi jikoni hakasirikiwi. Na hilo neno "yanuka" lisikutoke hata kwa bahati mbaya, sema mwili wakataa.

Na wifi yako aliyesema kamasi hana adabu, lakini mwache, mavyaa akishakuwa upande wako huyo atajiweka sawa.

mke_wa_kibokoni

Shukran sana mama. Mimba hapana, nishapima, hata mavyaa alinitazama hivo akafurahi kidogo kisha akanyamaza. Hii chuki na papa ni tangu siku ya kwanza nilipoletwa kujulishwa nyumba, na siku hio ndio walimpika kwa kunienzi.

Na @hamia_bara kuhama hatuhami, mavyaa ni mjane na ana presha na sukari, mume wangu ndo kitinda mimba, atamwachia nani? Mimi mwenyewe sitaki kuhama. Nataka papa ahame.

mzee_wa_gali

Mimi nimekuwa mpishi melini miaka mingi kabla ya kurudi Likoni kukaa, na samaki mkavu nimempika wa kila aina kwa hivyo acha nieleze hii harufu inatoka wapi, manake watu wengi wanafikiri papa wa huku ameoza ama muuzaji ni mchafu.

Papa na taa ni tofauti na samaki wengine. Nyama yao imejaa urea, ile ile iliyo kwenye mkojo wa binadamu, ndo inamsaidia kuishi ndani ya maji ya chumvi bila mwili wake kunyonywa maji. Akishakufa, bakteria wanaivunja ile urea inakuwa amonia. Sasa amonia ndio hio inachoma macho, na ndio hio hio iko chooni, kwa hivyo dada pua yako haikudanganyi hata kidogo, umenusa kitu sawasawa. Nguru ama changu aliyetiwa chumvi na kuanikwa hana hio urea, ananuka usamaki wa kawaida tu. Jaribu ng'onda wa nguru uone, nahisi huyo utamweza.

Watu wa Aisilandi wao wanakula papa aliyechachushwa, anazikwa wiki kadhaa halafu ananing'inizwa miezi, amonia imemjaa tele, na wageni wakimwonja mara ya kwanza wengi wanamtema. Wenyewe wanamla sikukuu. Kwa hivyo sio Kibokoni peke yake.

Sasa kazi ya jikoni. Muombe mavyaa akuachie WEWE kumroweka papa, najua unasema astaghfirullah lakini ngoja nimalize. Ukimsimamia wewe unaamua anuke kiasi gani. Mkate vipande, mroweke usiku kucha kwenye maji baridi, maji yamwagwe yabadilishwe, kila unavyobadilisha chumvi na amonia zinatoka nayo. Asubuhi mchemshe na maji mengine mapya bila kufunika sufuria, na hapo ndo wengi wanakosea, wanafunika ati harufu isitoke halafu yote inarudi kwenye nyama. Sufuria wazi, dirishani, ama kama mna dari juu peleka jiko la makaa hukohuko. Yale maji ya kwanza mwaga. Halafu ndimu ama ukwaju wa kutosha, na sio kwa ladha tu, ile asidi inaishika amonia inakuwa chumvi isiyopaa hewani, kwa hivyo pua haiipati. Ule ndimu unaokamulia kwenye sinia ulikuwa sawa ila umechelewa, ungekamuliwa kwenye sufuria.

Halafu mchambue, umtoe ngozi na gegedu, ndo uende kwenye kitunguu, nazi na bizari. Harufu haitaisha yote, nisikudanganye, lakini kutoka chini ngazini mume wako hatampata.

Kijana wa Tudor

@mzee_wa_gali sasa akipika hivo si mume atashtaki kwamba papa amekosa ladha? 😂 kuna watu hio amonia ndo wanaitaka

mzee_wa_gali

Wapo. Babu yangu alikuwa akisema papa asiyekutoa machozi ni kuku. Lakini kwenye nyumba ya watu wengi unapika katikati, anayetaka kali atie pilipili.

nesi_wa_changamwe

Mimi nimesoma yote nimeshika jambo moja, mama ana presha na sukari na anakula papa wa chumvi kila wiki na pengine ng'onda katikati. Jamani. WHO wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hio ni kama kijiko kimoja cha chai na kimejumlisha chumvi yote ya mkate na mchuzi na kila kitu. Samaki wa kuanikwa na chumvi asiporowekwa vizuri sahani moja inaweza kuimaliza hio yote. Kwa hivyo kuroweka alikosema mzee ni dawa pia, fanya hivo hata kama wewe huli.

Lakini nakuomba, usiitumie presha yake kama kisingizio cha kufukuza papa jikoni. Wazee wanajua. Nimeona wagonjwa wengi nyumbani wamekatazwa kila kitu wanachopenda na wakwe zao kwa jina la daktari, wanaishia kula kwa siri nyumba ya jirani na hapo chumvi hakuna anayeihesabu.

Na siku ukipata hio mimba bi mkubwa anayoitafuta, papa hata ukimpenda usimle, ana zebaki nyingi mwilini kwa sababu ni samaki mkubwa anayekula samaki wengine, Marekani wamemweka kwenye orodha ya samaki wa kuepukwa na waja wazito. Hapo utakuwa na ruhusa halali ya miezi tisa na ya kunyonyesha juu yake 😄

ustadh_wa_mtaa

Naam. Watu wamesema ya jikoni, mimi niseme mawili.

La kwanza, dada yangu hukufanya dhambi kumchukia papa. Kwenye Bukhari na Muslim kuna kisa cha Khalid bin Walid radhi za Allah ziwe juu yake, waliingia na Mtume ﷺ nyumbani kwa Bi Maimuna, ikaletwa nyama ya kuchoma ya dhabb, mnyama wa jangwani jamii ya mijusi. Mtume alipoambiwa ni nyama gani akauondoa mkono wake. Khalid akamuuliza, je ni haramu? Akajibu hapana, lakini haikuwako katika ardhi ya watu wangu, basi nafsi yangu haiitaki. Khalid akaivuta kwake akala na Mtume anamtazama. Angalia hapo, mmoja kaacha mmoja kala, sinia ile ile, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Na imepokewa pia kwamba Mtume hakukitia ila chakula hata siku moja, akikitaka anakula, asipokitaka anaacha. Kisa hiki mavyaa yako huenda anakijua vizuri kuliko mimi, mkumbushe kwa upole.

La pili ni hio saumu. Amali ni kwa nia. Saumu ya kukimbia bakuli sijui tuiweke wapi, lakini mtu akianza kwa sababu moja anaweza kusahihisha nia yake njiani. Usiache kufunga, acha kudanganya.

hamia_bara

Ustadh hio ya mwisho ni kali. Mimi bado nasema hameni.

mswahili_aliyepotea

Naingia kwenye swali la je watu huzoea, manake naona kila mtu amelikwepa.

Mimi ni mtoto wa Majengo, kazi ikanipeleka Kisumu nikapanga na vijana wawili wa huko. Sasa geuza hadithi yako, mimi ndo nilikuwa wewe na omena ndo alikuwa papa. Mwanzo wakimwaga omena kwenye karai mimi natoka nje naenda kununua krediti ambayo siihitaji. Obambla, yule samaki wa ziwa wa kupasuliwa na kuanikwa, nilikuwa naona ni mzoga. Na kamongo! Kamongo mtamwona wenyewe, samaki anapumua hewa, mrefu, mteketeke, sura ya nyoka, na wenzangu wakimpata ni sherehe.

Omena nilizoea. Sio kuzoea tu, sai nikiwa Mombasa namtafuta. Kilichonizoesha sio kujilazimisha, mamake mmoja wetu alikuja akatuonyesha tulikuwa tunapika vibaya, alimwosha kwa maji moto mara kadhaa, akamkaanga mkavu mpaka akawa analia kwenye karai, ndo akatia nyanya na kitunguu na ndimu. Nikala kidogo pembeni ya ugali. Wiki nyingine kidogo. Hakuna aliyenitazama nikila, na hilo naona lilisaidia kuliko ndimu. Ukitazamwa huwezi kuzoea, koo linafunga.

Obambla nilifika mahali nikawa nakula mchuzi wake bila nyama. Kamongo sikumzoea mpaka natoka Kisumu na hakuna siku nitamzoea, hata jina likitajwa hapa nimesikia kitu tumboni. Sasa hao watatu wote nilikaa nao nyumba moja muda ule ule. Kwa hivyo anayekwambia utazoea anabahatisha na anayekwambia hutazoea pia anabahatisha. Harufu nafikiri huzoeleka kuliko umbo na mtelezo, pua ikikaa na kitu inaacha kukiripoti, ndo manake mavyaa yako haisikii ile unayoisikia wewe. Pweza mimi ningekuwa wewe nisingejisumbua naye.

Halafu watu wa huku pwani tusijifanye. Wale vijana wa Kisumu nilipowapikia tambi za sukari za Ramadhani walinitazama kama nimewawekea sabuni. Na ndizi mbivu za nazi, mmoja aliuliza hii ni chakula ama ni keki imeshindikana.

mama_wa_bamburi

Wewe acha, mume wangu ni wa Nyeri na mpaka leo mahamri na mbaazi hajui ashike wapi. Ati kitu cha sukari na iliki unakula vipi na mbaazi za nazi? Anakula mbaazi kwanza zinaisha, anasafisha mdomo na chai, halafu ndo mahamri. Na mimi simwambii kitu, kila mtu na utaratibu wake. Ila mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu, tulikubaliana kabla ya nikaha kwamba haiingii, ile ni damu na damu haramu, hapo hakuna cha kuzoea. Hilo alilielewa upesi kuliko mbaazi, kwa sababu la dini lina ukuta. Hili lako la papa ni gumu kwa sababu halina ukuta wowote, ni wewe tu na pua yako, na watu wanaona unachagua.

sina_jina_hapa

mimi dania. kila mtu anaipenda mimi nikila ni sabuni ya kufulia, kachumbari zote za mji huu zimeharibika. mamangu alinipiga kwa ajili ya dania nikiwa mdogo ati najidai mzungu

mzee_wa_gali

Hio yako ni ya kuzaliwa. Kuna jeni ya kunusa inaitwa OR6A2, wenye aina fulani yake wanaipata ile aldehaidi, kemikali ya harufu iliyo kwenye majani ya dania, kwa nguvu, na aldehaidi za namna hio ziko kwenye sabuni pia. Sio kujidai. Wengine ikipondwa pondwa kwenye chatne inawapungukia ukali, jaribu.

sina_jina_hapa

mamangu lazima aisome hii

wifi_wa_watu

Naomba nitetee mawifi kidogo. Mrenda unavutika, jamani, tuseme ukweli. Mtu hajawahi kuona mboga inavutika kutoka sinia mpaka mdomoni unataka aseme nini?

mke_wa_kibokoni

@wifi_wa_watu na bamia haivutiki? Hapo kwetu Kibokoni bamia inapikwa na samaki kila mara, inateleza hio, inavutika hio, na hakuna mtoto ameambiwa ni kamasi. Tofauti ni nani ameipika.

wifi_wa_watu

Haya hapo umenishika.

mke_wa_kibokoni

Nimerudi. Nimeongea naye.

Nilifata ya bi mkubwa, nilimngoja wifi aende zake, tukawa tunachambua mchele wawili. Nikasema mama mimi yule papa mwili unakataa, si kwamba sipendi mkono wako. Akanyamaza, akaendelea kuchambua. Nikasema na ile saumu mama, zile za mwanzo, nilikuwa namkimbia yeye. Jamani hapo ndo aliweka uteo chini.

La papa hakulijali hata! Ati alijua tangu siku ya kujulishwa, aliniona navyomeza, alikuwa anangoja tu niseme. Lililomuuma ni la saumu, manake yeye ashatangaza, nyumba ya pili wanajua, madrasa wanajua, kuna mama wa mtaa wa pili alimwambia binti yake aniige mimi. Akanitazama akasema, "Basi sasa utafunga kikweli, kila Jumatatu na kila Alhamisi, mimi siwezi kuwazungukia watu mlango kwa mlango kuwaambia ulikuwa wamkimbia samaki."

Kwa hivyo nafunga. Alhamisi papa yuko pale pale, ila kumroweka ni kazi yangu sasa, usiku maji mawili na asubuhi sufuria wazi juu darini, na mzee wa gali ulisema kweli, ule moshi wa machozi umepungua sana, shemeji yangu mmoja amelalamika papa siku hizi ni mpole. Kula sili. Futari yangu ni ng'onda wa nguru na huyo nimemweza, nashangaa mwenyewe. Ila wifi nikimpita jikoni bado ananiuliza kama nimenuia.

Sasa nataka nirudie mrenda. Mavyaa mwenyewe ameuliza ile mboga yako ilikuwa yapikwa vipi. Hapa Mombasa ule mzuri mnaupata wapi, manake nilioupata mwanzo ulikuwa umechoka, na munyu wa kienyeji, ule wa majivu, sina.

mama_wa_bamburi

Mashallah kwa hio habari! Kongowea, kule kwa kina mama wa mboga za kienyeji, lakini uende alfajiri kabla jua halijaupiga. Majani yakiwa yashalala usichukue.

shemeji_wa_kakamega

Usimpe mrenda mtupu mara ya kwanza, utaharibu. Changanya na majani ya kunde, kunde ziwe nyingi kuliko mrenda, na usikoroge sana, ukikoroga ndo unaamsha mtelezo. Munyu ukikosa tia magadi kidogo sana, ncha ya kijiko, yakizidi mboga inakuwa chungu, na kwa presha ya mama usiweke chumvi nyingine juu yake. Na sima ya siku hio iwe ngumu ya kushikia, sio ile yenu laini ya pwani.

bi_mkubwa_wa_kuze

Sima yetu ina nini?